Nina Hashimoto na nimeanza mlo wa kuondoa vyakula: je, mkate una nafasi?

SWALI: Nina miaka 34, naishi Morogoro. Mwaka jana niligundulika kuwa na Hashimoto, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi ya thairoidi ya shingoni, na ninatumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi hiyo, kila asubuhi. Binamu yangu aliyeko Marekani amenitumia orodha ya mlo unaoitwa AIP, anasema yeye umemsaidia sana. Nimeacha mkate, chapati na maandazi kwa wiki tatu sasa. Tumbo halijai gesi tena, ila uchovu uko palepale. Naomba kujua: mkate wa brauni unaruhusiwa? Na ule wa unga wa mchele, ulezi au muhogo? Na nikiacha mkate, ndiyo nimeuacha moja kwa moja?

JIBU: Dada yangu, nianze na majibu ya moja kwa moja. Katika hatua ya kwanza ya AIP, yaani mlo wa kuondoa vyakula kwa wenye magonjwa ya kinga kujishambulia, mkate wa ngano hauna nafasi, uwe mweupe au wa brauni. Wa mchele, wa ulezi, wa mtama na wa mahindi nao hauna. Wa muhogo unayo. Na hapana, huuachi moja kwa moja, kwa sababu mlo huu ukifanywa inavyotakiwa una mwisho wake. Lakini kuna jambo lililotakiwa kufanyika kabla hujaacha mkate, na kwa kuwa hujachelewa sana, ndilo nitakalolieleza kwa kirefu kuliko mengine yote.

Jambo lenyewe ni kipimo cha siliaki. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, kama ulivyo Hashimoto, isipokuwa wenyewe huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, na kinachouamsha ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano). Tofauti na magonjwa mengi ya kundi hili, kichochezi chake kinajulikana bila ubishi, na matibabu yake ni chakula. Aliyefumbua jambo hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita ikiwa bado inaendelea, mkate ukaadimika nchini kwao, na watoto wenye siliaki, ambao mtu angetarajia wazidiwe, wakapata nafuu. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake iliyoonyesha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru.

Duniani siliaki inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 100, na kwa wenye Hashimoto huonekana zaidi kuliko kwa watu wengine. Dalili zake unazijua: gesi, tumbo kujaa, uchovu usioisha, upungufu wa damu. Tena utumbo ulioharibika haufyonzi vizuri levothairoksini, kwa hiyo mtu anaweza kumeza dawa kwa uaminifu kila siku na bado TSH yake, homoni inayopimwa kujua kama dozi inatosha, ikagoma kutulia. Ukizitazama dalili ulizoniandikia, unaona kwa nini sitaki swali hili libaki bila jibu.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu: kingamwili za tTG aina ya IgA, pamoja na jumla ya IgA yote mwilini, kwa sababu mtu mwenye IgA kidogo anaweza kupata jibu hasi la uongo. Kikionyesha dalili, daktari huingiza kamera kupitia kooni na kuchukua vinyama vidogo vya utumbo kuvitazama kwa hadubini. Shida ni kwamba vipimo vyote hivi vinategemea mtu awe anakula gluteni. Ukishaiacha, kingamwili hushuka taratibu na utumbo huanza kupona, na ugonjwa unaweza kujificha mbele ya macho ya maabara.

Wewe una wiki tatu tu. Kingamwili huchukua miezi kushuka, kwa hiyo ukienda kupima wiki hii na jibu likawa chanya, lina maana na lifuatiliwe. Likiwa hasi, usilitegemee. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mtu awe anakula gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki sita kabla ya kupima. Slesi moja ya mkate wa ngano ina takribani gramu mbili za gluteni, kwa hiyo slesi mbili asubuhi na chapati jioni zinatosha. Ongea na daktari wako kabla ya kurudia, na kama mkate unakuletea vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi, usirudie kabisa. Hiyo inaweza kuwa mzio wa ngano, ambao ni hatari na una vipimo vyake. Kipimo cha tTG hakipatikani kila zahanati, ila uliza kwenye hospitali ya rufaa au maabara kubwa, hata ikibidi sampuli isafirishwe.

Najua inauma kuambiwa urudie chakula ambacho tumbo lako limefurahi kuachana nacho. Nasisitiza kwa sababu majibu haya mawili yanakupeleka kwenye maisha mawili tofauti. Mwenye siliaki anaacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote, mpaka punje: hasagishi ulezi wake kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, hali wali uliopakuliwa kwa kijiko kilichoshika tambi, na ndugu zake wa damu wanashauriwa wapime. Asiye na siliaki anaweza kujaribu AIP kwa miezi michache na kisha akarudi kwenye mkate wake kwa amani. Usipojua uko upande gani, utaishi katikati, ukijinyima bila sababu au ukijilegezea bila kujua unajiumiza.

Sasa AIP yenyewe. Ilizaliwa Marekani, ndani ya watu wa mlo wa paleo, unaoiga chakula cha watu wa kale, na mwanasayansi Sarah Ballantyne ndiye aliyeipanga na kuieneza zaidi kuanzia miaka ya 2010. Hatua ya kwanza inaondoa nafaka zote, mikunde yote ikiwemo maharage, choroko, soya na karanga, maziwa na vitokanavyo, mayai, njugu, korosho na mbegu, kahawa, kakao, pombe, sukari ya kiwandani, na jamii nzima ya nyanya: nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili hoho na pilipili kali, viazi mviringo, hata mnavu. Hatua hii hudumu kati ya siku 30 na 90. Kisha vyakula vinarudishwa kimoja kimoja. Watu wengi huifanya nusu ya kwanza kwa bidii kubwa na kuisahau ya pili, na kwa maoni yangu hapo ndipo mlo huu unapodhuru, maana nusu ya pili ndiyo inayokuambia kitu kuhusu mwili wako.

Ushahidi upo, ila ni mdogo, na nitakupa kama ulivyo. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walichapisha majaribio ya wagonjwa 15 wa Crohn (ugonjwa sugu wa utumbo) na vidonda vya utumbo mpana. Kufikia wiki ya sita, 11 kati yao dalili zilikuwa zimetulia. Matokeo mazuri, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2019 likaja jaribio linalokuhusu wewe: wanawake 17 wenye Hashimoto walianza, 16 wakamaliza wiki kumi. Walijisikia vizuri zaidi, na CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapokuwa na inflamesheni (uvimbe wa ndani), ilishuka. Lakini homoni za thairoidi na kingamwili za Hashimoto hazikubadilika kwa kiwango cha kuhesabika. Kwa hiyo binamu yako hasemi uongo anaposema umemsaidia. Ila akikuambia utaponya tezi na kukuachisha dawa, hapo hakuna mtafiti aliyeonyesha hivyo.

Turudi kwenye mikate, kwa sababu hapa watu huchanganya mambo mawili: mkate usio na gluteni, na mkate unaokubalika AIP.

Mkate wa brauni ni ngano ileile na pumba zake. Ndiyo, una nyuzinyuzi zaidi, na kwa mtu mwenye afya ni bora kuliko mweupe, lakini gluteni iko palepale. Mkate wa kumimina wa Unguja ni wa mchele na nazi, na vitumbua ni mchele pia. Havina gluteni, mwenye siliaki anaweza kuvila vikipikwa mahali safi, lakini AIP inaviondoa kwa sababu mchele ni nafaka. Mkate wa mofa wa mtama, hali hiyohiyo. Ulezi nao una sifa nyingi nzuri na hauna gluteni, ila ni nafaka. Unga wa lishe ndio kabisa, maana mara nyingi umechanganywa mahindi, soya na karanga. Na ile mikate ya madukani ya mjini iliyoandikwa haina gluteni, geuza pakiti usome: mchele, wanga wa mahindi, wanga wa viazi mviringo, mayai. Kwa siliaki ni sawa. Kwa AIP kila kimoja hapo kiko kwenye orodha ya kuondolewa.

Unaobaki ni muhogo. Wenzetu wa Congo wamekuwa nao siku zote: kwanga ni muhogo ulioroweshwa, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa mpaka ukashikana, na hauna nafaka, yai wala maziwa. Ukipata kwanga nzuri, umepata chakula cha AIP ambacho hakikuhitaji kutoka Marekani.

Lakini muhogo kwa mtu wa Hashimoto unahitaji uangalifu, na orodha za ng'ambo hazilisemi hili kwa sababu wao wananunua unga uliokwisha kusafishwa kiwandani. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, kemikali inayotoa sianidi. Usipoandaliwa vizuri na ukaliwa kila siku, unaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Tarime, mkoani Mara, waliupata mwaka 1985 wakati wa ukame. Hata kiasi kisichofika huko, mwili huigeuza sianidi kuwa thaiosayaneti, na thaiosayaneti huzuia tezi ya thairoidi kuchukua madini ya iodini. Ambaye tezi yake tayari ina shida hana sababu ya kuiongezea mzigo.

Kwa hiyo: tumia muhogo mtamu, au unga wa muhogo uliovundikwa majini siku tatu hadi tano mpaka ukalainika ndipo ukaanikwa. Makopa ya muhogo mchungu yaliyomenywa na kuanikwa tu juani hayatoshi. Kama umenunua unga sokoni na muuzaji hajui ulivyoandaliwa, kuna njia iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury na kutumika vijijini Congo kuzuia konzo: changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze kwenye sinia pana, unene usizidi sentimita moja, uache masaa mawili juani au matano kivulini, hewa ya sianidi itoke, kisha upike siku hiyohiyo. Na chumvi iwe yenye madini joto. Usihamie chumvi ya waridi au ya mawe isiyo na iodini kwa sababu tu imesifiwa mtandaoni. Vilevile usikimbilie vidonge vya iodini au unga wa mwani, kwani iodini ikizidi nayo huchochea Hashimoto.

Chapati ninazowaelekeza watu wengi ni hizi. Chemsha viazi vitamu, menya, ponda vikombe viwili vikiwa bado vya moto. Ongeza kikombe kimoja cha unga wa muhogo ulio salama, vijiko viwili vya mafuta ya nazi na chumvi. Kanda mpaka donge liache kushika vidole. Viazi vikiwa na maji mengi utaongeza unga, vikiwa vikavu utaongeza tui kidogo. Usitegemee livutike, hakuna gluteni ya kulivuta, na ukisukuma kwa mpini kama kawaida litakatika. Gawanya madonge, weka moja katikati ya vipande viwili vya nailoni safi, kandamiza kwa kitako cha sufuria, kisha bandua taratibu uweke kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani. Kula chapati hizi zikiwa za moto, zikipoa hukakamaa. Usiongeze beking pauda bila kusoma kopo, nyingi zina wanga wa mahindi ndani.

Wala usijilazimishe kuwa na mkate kila asubuhi. Magimbi, ndizi mbichi za kuchemsha, viazi vikuu na boga vinatosha kabisa kusindikiza chai, na anayeishi pwani ana shelisheli la kuchoma. Chai kavu inaruhusiwa, weka tangawizi, mdalasini, karafuu. Iliki na bizari nyembamba subiri kwanza. La kuzingatia ni protini: mkate una takribani gramu nane au tisa kwa kila gramu mia, muhogo hauna hata mbili. Ukibadilisha mkate kwa muhogo na wakati huohuo umeacha maharage, mayai na maziwa, basi samaki, dagaa, kuku au nyama lazima viingie mezani kila siku. Pia unga wa ngano wa viwandani huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki. Ukiuacha, wewe mwanamke wa umri wa kuzaa, mboga za majani na maini yachukue nafasi hiyo, na kama unapanga ujauzito mweleze daktari akupe foliki. Ukishashika mimba, mlo huu usiufanye.

Kuhusu gesi iliyoondoka. Usiharakishe kusema ni gluteni. Ngano ina pia fruktani, aina ya wanga ambao utumbo hauuyeyushi na bakteria huuchachusha. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 59 waliojiona hawapatani na gluteni na hawakuwa na siliaki. Walipewa vitafunwa ambavyo hawakujua vina nini, na kwa wastani fruktani ndizo zilizowajaza tumbo kuliko gluteni. Kitunguu maji, kitunguu saumu na maharage vina wanga wa jamii hiyo. Jiangalie: kama kitunguu kingi nacho kinakujaza gesi, huenda tatizo lako halihusu kinga ya mwili kabisa, na suluhisho ni kupunguza kiasi.

Siku ya kurudisha mkate ikifika, na kama siliaki imekwisha kuondolewa mashaka, anza na mchele kwanza, halafu nafaka nyingine, ngano iwe mwishoni. Usiijaribu ngano kwa mkate wa dukani, kwa sababu ndani yake kuna maziwa, soya, sukari na viungo vingine, na ukidhurika hutajua kilichokudhuru. Pika chapati ya unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta unayoyatumia kila siku. Asubuhi kula kipande kidogo, subiri robo saa. Kama hakuna kitu, kula kingine kikubwa kidogo, subiri masaa mawili au matatu. Kisha kula chapati nzima, halafu usiguse ngano tena wala usiongeze chakula kipya kwa siku tano hadi saba. Andika kila siku: tumbo, choo, usingizi, viungo, ngozi, nguvu. Ukikaa sawa, mkate umerudi nyumbani kwako. Ukipata shida, ngoja itulie, na baada ya wiki kadhaa rudia mara moja zaidi kabla ya kuhukumu, maana siku moja mbaya ina sababu nyingi.

Ukiniuliza ningefanya nini katika nafasi yako, ningepima siliaki, na jibu likiwa hasi la kuaminika, nisingeingia AIP nzima mara moja. Uchovu wako haujasogea kwa kuacha ngano, kwa hiyo ningeutafuta kwingine: TSH, wingi wa damu, feritini (akiba ya madini ya chuma mwilini), vitamini B12 na vitamini D. Mwenye Hashimoto anaweza kupungukiwa na chochote kati ya hivyo, na hakuna mkate wala muhogo utakaojaza pengo hilo haraka kama matibabu yanayolenga.

Dawa usiiguse. Levothairoksini imezwe kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, chapati ya muhogo au ya ngano ni sawasawa. Na kwa kuwa umebadilisha chakula, rudia TSH baada ya wiki sita hadi nane, hasa kama itaonekana una siliaki: utumbo unapopona hufyonza dawa vizuri zaidi, na dozi iliyokufaa mwaka jana inaweza kuwa kubwa mno. Moyo ukianza kwenda mbio, mikono kutetemeka au usingizi kukukimbia, usisubiri hizo wiki ziishe, nenda ukapime.